Avignon: yale watu wanayoamini na hali halisi ilivyo

Kwanza tuanze na bahari maana hiyo ndo inaleta lawama nyingi. Mtu akisikia kusini mwa Ufaransa anawaza Nice na Cannes, mitende, boti za matajiri, anabeba na nguo za kuogelea kabisa. Avignon iko bara jamani, kando ya mto Rhône, na kutoka hapo mpaka Marseille baharini ni karibu kilometa 100 kwa barabara. Na wengine wanachanganya na tamasha la filamu, hilo liko Cannes mwezi wa 5. La Avignon ni la michezo ya jukwaani, lilianzishwa na Jean Vilar mwaka 1947 na linafanyika Julai.

Sasa hapo kwenye Julai kuna dhana nyingine, eti ndo mwezi bora wa kwenda. Inategemea. Kama unapenda maigizo na Kifaransa kinapanda, nenda, utafurahi mno, kila nguzo imefungwa mabango na wasanii wanapita mtaani wanapiga ngoma kukuvuta ukaone onyesho lao. Lakini kama we unataka kuona mji tu na kupiga picha, Julai ni kujitesa, hoteli zimejaa mapema sana, bei imepaa, jua linaweza kupita nyuzi 35 na ndani ya kuta za mji wa kale hakuna hewa. Mi ningesema mwezi wa 5 au mwishoni mwa wa 9.

Na "kusini kuna joto mwaka mzima" nayo sio kweli. Kuna upepo unaitwa mistral, unashuka na bonde la Rhône kutoka kaskazini, baridi, mkavu, ukichachamaa unapita kilometa 100 kwa saa. Anga bluu, jua linawaka, na we unatetemeka. Beba jaketi hata kama ni Aprili.

"Mapapa wa Avignon walikuwa mapapa feki"

Hii nakutana nayo sana, hasa kwa watu waliosoma historia ya kanisa juujuu. Mapapa saba walioishi Avignon kati ya 1309 na 1377, kuanzia Clement V mpaka Gregory XI, walikuwa mapapa halali kabisa, Kanisa lenyewe linawahesabu hadi leo. Waliokuja kukataliwa ni wale wa baadaye. Gregory XI alirudi Roma, Catherine wa Siena, yule mtakatifu wa Italia, akiwa mmoja wa waliomsukuma arudi, akafa 1378, ukatokea mgogoro wa nani amrithi, ndo kukawa na papa Roma na mwingine Avignon kwa wakati mmoja. Hao wa upande wa Avignon, Clement VII na Benedict XIII, ndo wanaoitwa mapapa wa upinzani. Kwahiyo ukiwa pale usichanganye makundi mawili.

Halafu kuna hii ya kwamba papa alitekwa na mfalme wa Ufaransa akafungiwa Avignon. Ina ukweli nusu. Presha ya mfalme Philippe IV ilikuwepo na ilikuwa kubwa, na mapapa wote saba walikuwa Wafaransa, hilo halina ubishi. Ila Clement V alivikwa taji Lyon mwaka 1305 na Roma hakuwahi kukanyaga akiwa papa, Italia kulikuwa hakukaliki kwa ugomvi wa makundi, na Avignon wenyewe wakati ule HAUKUWA mji wa Ufaransa! Hapa ndo watu wanashangaaga. Mji ulikuwa mali ya watawala wa Provence, na mwaka 1348 papa Clement VI aliununua kwa Joanna, malkia wa Napoli aliyekuwa pia mtawala wa Provence, kwa florini 80,000 za dhahabu. Fikiria mwaka wenyewe sasa, 1348, tauni inaua watu kama nini, makaburi yamejaa mpaka papa akaubariki mto Rhône ili maiti zitupwe humo, na bado jamaa ananunua mji.

Mji ukabaki chini ya mapapa mpaka 1791, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, ndo Ufaransa ikauchukua. Ukishalijua hilo vitu vingi unavyoviona vinaanza kueleweka. Ule mnara wa Philippe le Bel (ndo huyo huyo Philippe IV) ng'ambo ya mto, kule Villeneuve-lès-Avignon, haukuwa pambo, huko ndo ilikuwa ardhi ya mfalme na mnara ulikuwa unalinda mwisho wa daraja, yaani ni mpaka wa nchi na nchi. Na Wayahudi, ambao Ufaransa iliwafukuza 1394, waliendelea kuishi kwenye maeneo ya papa, ndo maana sinagogi la zamani kuliko yote yanayotumika Ufaransa liko Carpentras, jirani tu hapo, lilianza 1367.

"Kasri la Mapapa litakuwa kama Vatikani"

Hapana. Ukiingia ukitegemea dhahabu na viti vya enzi utatoka umenuna. Kasri ni kubwa mno, linatajwa kuwa kubwa kuliko yote ya Kigothi (mtindo wa ujenzi wa zama za kati), lakini ndani ni peupe, kumbi na kumbi za mawe matupu. Watu wanadhani wameibiwa hela ya kiingilio. Sababu iko kwenye historia yake: Benedict XII aliyeanza kulijenga 1335 alikuwa mtawa, hakupenda makuu, sehemu yake imekaa kama ngome. Clement VI aliyemfuata alipenda raha, akaongeza upande wake na kuita wachoraji kutoka Italia, akina Matteo Giovanetti. Kazi nzima haikufika miaka 20. Baadaye samani zikaondoka, Mapinduzi yakapita, halafu karne ya 19 jengo likafanywa kambi ya jeshi mpaka 1906, na askari walikuwa wanakata vipande vya michoro ukutani wanauza. Kwahiyo kilichosalia ni kidogo na ndo cha kutafuta. Usiondoke bila kuona chumba cha papa na kile chumba cha paa (paa mnyama, sio la nyumba), kimechorwa watu wanawinda, wanavua samaki, wanachuma matunda, hakuna mtakatifu hata mmoja. Chumba cha kazi cha papa hicho! Kiingilio kinakuja na tableti, ukiielekeza inakuonyesha ukumbi ulivyokuwa zamani, ichukue, bila hiyo utachoka haraka.

"Daraja lilipigwa mabomu vitani"

Wala. Daraja la Saint-Bénézet lilijengwa kati ya 1177 na 1185, likaja kuwa na matao 22 hivi na urefu wa karibu mita 900, na adui yake mkubwa ni mto wenyewe. Kweli jeshi la mfalme Louis VIII lilizingira mji 1226 na daraja likaharibiwa, lakini lilijengwa tena, mafuriko yakabomoa, wakajenga, yakabomoa, mpaka karne ya 17 wakachoka wakaliacha. Leo yamebaki matao manne na kikanisa kidogo juu yake. Na kuhusu ule wimbo wa watoto wa Kifaransa, Sur le pont d'Avignon, wa kucheza duara darajani, daraja ni jembamba, wengi wanaona watu walikuwa wakicheza chini yake, kule kisiwani Barthelasse. Kulipanda unalipa, ila kuliangalia ni bure, na kwa maoni yangu linapendeza zaidi kwa mbali.

Lile daraja la ghorofa tatu unaloliona kwenye kadi za posta ni Pont du Gard, la Warumi, kama kilometa 25 kutoka Avignon, lilikuwa la kupitisha maji kwenda Nîmes. Ni siku nyingine hiyo, usilibane kwenye ratiba ya mchana mmoja.

Usafiri: kutoka Paris treni ya kasi ni kama saa 2 na dakika 40, Marseille ni dakika 35 hivi (na Marseille kwenyewe usipite tu, Wakomoro ni wengi mno pale, utasikia lugha inayokaribiana na yetu). Kinachowaponza watu ni kudhani stesheni ni moja. Ziko mbili, Avignon TGV (ya treni za kasi) iko nje ya mji na Avignon Centre iko mlangoni kwa kuta, kuna kitreni cha dakika 5 kinaziunganisha.

Viza: hakuna viza ya Ufaransa peke yake kwa mtalii, ni Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya), siku 90 ndani ya 180, ada euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya angalau euro 30,000. Ndugu zetu wa Uingereza mnaotumia pasi za Kenya au Tanzania, kibali cha kuishi London hakiwavushi, ombeni mapema.

"Wafaransa wanaringa". Ingia dukani sema bonjour kwanza kabla ya kuuliza chochote, utaona tofauti, kwao kutosalimia ni utovu wa adabu na hilo sisi tunalielewa vizuri tu. Na kula mchana usizidishe saa 8, migahawa mingi jiko linafungwa halafu utadhani umebaguliwa.

Mwisho ni hela. Mji sio rahisi lakini mengi mazuri ni bure, kuzunguka kuta zenye zaidi ya kilometa 4, bustani ya Rocher des Doms juu kabisa unapoona mto wote, na pantoni dogo linalovusha watu mpaka Barthelasse bila nauli. Upepo ukizidi au mto ukijaa huwa linasimama, hapo pita daraja la Pont Daladier kwa miguu.