Pakiti moja kufutwa mara mbili: kosa la DCCP ndani ya Linux

Februari 2017 Andrey Konovalov alitangaza udhaifu wa kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux, uliosajiliwa kama CVE-2017-6074, alioupata kwa kutumia syzkaller, programu inayoirushia kerneli maombi ya ovyoovyo mpaka ianguke. Ulikuwa kwenye msimbo wa DCCP, itifaki ya kusafirisha data mtandaoni ambayo wasimamizi wengi wa seva hawajawahi kuigusa. Kosa huenda lilikuwemo tangu toleo la 2.6.14 la Oktoba 2005.

Kila pakiti (kipande cha data ya mtandao) inayoingia hukaa kwenye kumbukumbu ndani ya muundo unaoitwa sk_buff, wenye kihesabio cha sehemu za kerneli ambazo bado zinautumia. Nafasi yake huachiwa kihesabio kikifika sifuri, si kabla. Sasa chukua soketi ya DCCP, yaani mlango wa programu kuingia mtandaoni, inayosubiri wateja kwenye anwani za IPv6, ikiwa imewashiwa chaguo la IPV6_RECVPKTINFO. Ombi la kuunganishwa likiingia, kerneli inaitunza pakiti hiyo kwa matumizi ya baadaye na kuongeza kihesabio. Hapo iko sahihi. Kisha fanksheni ya dccp_rcv_state_process inamaliza kazi yake kwa kuita nyingine, __kfree_skb, na hiyo haitazami kihesabio hata kidogo, inafuta. Ni sawa na dalali kumpangishia mtu mpya chumba ambacho mpangaji wa kwanza bado ana ufunguo wake.

Soketi ikifungwa, pakiti ileile inafutwa tena. Kati ya kufutwa huko kwa mara mbili, mshambuliaji ana nafasi ya kuijaza kumbukumbu iliyoachwa wazi kwa data yake mwenyewe. Akifanikiwa kubadilisha anwani ya fanksheni ambayo kerneli itakuja kuiita, kerneli inatekeleza anachotaka yeye, na mtumiaji wa kawaida anageuka root, mwenye mamlaka yote ya mashine.

Tiba yake ilikuwa fupi mno: kuita consume_skb badala ya __kfree_skb, inayopunguza kihesabio kwanza na kufuta pale tu hakuna anayeitumia pakiti.

Wapo waliosema si hatari kubwa kwa kuwa mshambuliaji lazima awe tayari ndani ya mashine. Sikubaliani nao. Kwenye seva inayobeba tovuti za watu wengi, tovuti moja iliyodukuliwa inatosha kumweka ndani. Tena hakuhitaji DCCP iwe inatumika: pale ilipojengwa kama moduli, yaani kipande cha kerneli kinachopakiwa kikihitajika, mtumiaji yeyote akifungua soketi ya aina hiyo, kerneli inaipakia yenyewe bila kumuuliza msimamizi. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi kuliko kosa lenyewe.

DCCP iliondolewa kabisa kwenye Linux 6.16, mwaka 2025. Seva zenye kerneli za nyuma ya hapo ni nyingi, kwa hiyo mimi bado naweka mstari huu, unaozuia moduli ya dccp kupakiwa yenyewe, ndani ya /etc/modprobe.d, na kufanya vivyo hivyo kwa itifaki nyingine, sctp, tipc na rds, pale zisipohitajika:

install dccp /bin/true