Je, wajua kwa nini mwenye saruji hulipia hata safari ya mwenye mawese?

Mfanyabiashara wa Mwanga, Kigoma, anayeagiza saruji kutoka Dar es Salaam, na jirani yake anayepeleka mawese Dar, wanaweza kukodi lori lile lile, wiki ile ile. Mara nyingi wa kwanza hulipa kwa kila tani bei ambayo wa pili akitajiwa atacheka. Barabara ni moja, na kilomita ni zile zile, zaidi ya 1,200. Watu husema mmoja kapigwa. Hakuna aliyepigwa.

Nauli ya basi la abiria ina ukomo uliowekwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa nchi kavu. Bei ya mzigo wa lori haina mpangaji: wanapatana mwenye gari na mwenye mzigo, na katikati yao karibu kila mara yupo dalali.

Tupige hesabu kwa namba za mfano. Tuseme semi (lori la kuvuta tela) ikiwa imejaa inakula lita 1 ya dizeli kila kilomita 2, na ikiwa tupu lita hiyo inaifikisha kilomita 3. Kwa kilomita 1,250, ikiwa na mzigo itakunywa lita 625. Ikiwa tupu, 417 hivi. Mwenye lori moja anayepakia saruji Dar anajua kwamba gari litarudi tu, lipate mzigo lisipate. Kwa hiyo bei anayoitaja pale Dar imeshabeba lita 417 za kurudi mtupu. Aliyeagiza saruji analipia kwenda na kurudi.

Saruji ikishashushwa Kigoma, hesabu inageuka. Sasa kurudi na mzigo kunaongeza lita 208 tu juu ya zile ambazo zingeungua hata hivyo, pamoja na gharama za matairi, vibarua wa kupakia na muda. Chochote kinachozidi hapo ni faida. Mwenye mawese anajua, na dalali anajua zaidi. Siku ya kwanza dereva anataja bei ya kiume kwenye simu. Kufikia siku ya tatu, posho ya dereva na utingo inaendelea kutoka, rejesho la benki halisubiri, na bei imeshuka yenyewe bila mtu kubishana. (Dalali hutukanwa sana kwa hili. Kwa maoni yangu anaonewa: bila yeye gari lingelala wiki likitafuta mzigo wa kuunganisha.)

Lakini kwa nini malori yawe mengi kuliko mzigo upande wa Kigoma? Reli ya Kati ilifika huko mwaka 1914, na tangu hapo mji umekuwa mahali ambapo bidhaa huacha nchi kavu na kuingia Ziwa Tanganyika. Saruji, bati, nondo, sabuni na mbolea zinapanda kutoka Dar, na shehena nyingine inapita kuelekea bandari za Burundi na Kongo: Bujumbura, Uvira na Kalemie. Zinazoshuka kwenda Dar ni mawese, dagaa, maharage ya Kasulu na Kibondo, chumvi ya Uvinza. Ni mizigo mizuri, ila haitoshi kujaza kila lori lililopanda, na mingine ina msimu wake. Hata misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji iliujua msimu: wakati wa kulima, mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa adimu, yuko shambani kwake.

Tabora ndiko mambo hupinduka. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa Urambo, Kaliua na Sikonge, marobota yanatakiwa Morogoro kwenye viwanda, na kila mtu anatafuta gari siku hizo hizo. Hapo mwenye lori wa Dar anaweza kukubali mzigo wa bei ya chini kupanda, mradi tu afike Tabora mapema. Kinachomrudisha ndicho kinachomlipa.

Aina ya mzigo nayo ina lake. Sheria ya Afrika Mashariki inataka gari na mzigo wake visizidi tani 56, na semi nyingi zinaishia kubeba tani 30 hivi. Mifuko 600 ya saruji ya kilo 50 inazimaliza tani hizo huku tela likionekana nusu tupu. Magodoro yatapangwa hadi turubai litune, kamba zikaze, na kwenye mizani namba isifike hata nusu. Ndiyo maana saruji hupatanwa kwa tani, magodoro kwa safari.

Wanaojua kazi hawaifikirii njia kama mstari wa kwenda na kurudi. Lori linashusha Kigoma, linapakia maharage Kasulu, linapita Kibondo hadi Kahama, linayashusha hapo na kupakia mchele wa kwenda Dar. Kilomita zinaongezeka, lakini hakuna kipande kirefu cha kutembea tupu, na Kahama kuna wanunuzi wengi kuliko Kigoma. Njia hiyo ya Kibondo ilikuwa ya kuogopwa miaka mingi, vumbi kiangazi na tope masika. Lami ndiyo iliyoiingiza kwenye hesabu za watu.

Halafu kuna swali ambalo halionekani kwenye bei: pesa inatoka lini? Mzigo wa kampuni kubwa unaweza kulipa vizuri kwa tani, lakini baada ya nyaraka kurudi na ankara kupita meza kadhaa. Mwenye malori ishirini anaweza kungoja. Mwenye lori moja anahitaji dizeli ya kesho, kwa hiyo anachukua maharage ya mtu binafsi kwa bei pungufu, nusu ikilipwa wakati wa kupakia na nusu gunia la mwisho likishuka.