Kwa nini kutu ya fremu ya nyuma ya pikipiki hurudi hata baada ya kupigwa rangi?

Fremu ya nyuma, ile inayobeba kiti, keria na taa ya nyuma, mara nyingi huoza kutoka ndani ya paipu. Gurudumu huirushia tope kutoka chini, na maji ya mvua au ya kuoshea kwa presha huingia kwenye vitundu vidogo vya paipu. Tope jekundu la Nairobi likikauka humo, vitundu huziba na maji hayana pa kutokea. Betri ya maji nayo huchangia: mpira wake wa kupumulia ukichomoka, tindikali hudondokea chuma kilicho chini yake. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana rangi huvimba na kubanduka. Ukipiga msasa juu juu kisha upulize rangi, adui umemfungia ndani.

Kwanza tazama kama fremu hiyo imefungwa kwa bolti au imechomelewa kwenye fremu kuu. Iliyochomelewa usiikate ili kujirahisishia kazi; vua kila kitu na uisafishe hapo hapo.

Yenye bolti, piga picha za nyaya, kisha toa betri ukianza na waya wa hasi. Weka gogo imara chini ya injini kabla ya kugusa shoki, kwa sababu ncha zake za juu mara nyingi hushikilia fremu hiyo hiyo. Ukizifungua bila tegemeo, pikipiki huketi. Bolti zilizoganda zimwagie mafuta ya kulegeza na uziache usiku kucha. Kisha kaza kidogo, legeza kidogo, rudia. Bolti ya mm 8 ikilazimishwa hukatika. Ukihitaji moto, tangi la petroli liwe limeshatolewa na kupelekwa mbali.

Sasa gonga paipu kwa nyundo ndogo. Nzima hulia, iliyooza hutoa sauti nzito. Choma sehemu za chini na kando ya viungo kwa bisibisi kali. Ikizama, rangi haitasaidia: sehemu hiyo ikatwe na kipande kipya kichomelewe na fundi aliyezoea paipu nyembamba, baada ya kuifunga fremu kwa vyuma vya muda ili isipinde.

Brashi ya waya kwenye grinda hufaa paipu iliyonyooka, lakini haifiki kwenye kona za viungo, na mara nyingine huing'arisha kutu tu ikaonekana kama chuma. Kwa kona hizo, magadi ni dawa nzuri. Kata pipa la plastiki, tia maji lita 80 na magadi gramu 300 hivi. Ning'iniza fremu ndani, na pembeni weka vipande vya chuma chakavu visivyoigusa. Chaja ya betri ya volti 12, ya kizamani isiyo na kompyuta, iunge hivi: hasi kwenye fremu, chanya kwenye chuma chakavu. Ukikosea, fremu ndiyo italiwa. Iache usiku kucha, nje penye hewa, kwa sababu mapovu yanayotoka ni haidrojeni na hushika moto. Zima chaja kabla ya kuingiza mkono. Usitumie chuma cha pua kama chakavu, kwani hutoa sumu ya kromiamu, wala chumvi ya mezani badala ya magadi, kwani hutoa klorini.

Utakuta utando mweusi. Uondoe kwa brashi. Suuza kwa maji mengi, kwa sababu magadi ghafi huwa na chumvi kidogo, kisha kausha kwa hewa moto mara moja. Chuma kitupu chenye unyevu huanza kupata kutu ndani ya dakika chache, hasa msimu wa mvua. Futa kwa thina na upake praima ya epoksi (rangi ya msingi inayoshika chuma) siku hiyo hiyo. Rangi yenyewe iwe tabaka 2 au 3 nyembamba. Ziba nyuzi za bolti na sehemu inayofungwa waya wa ashi (ule unaounganisha umeme na fremu) zisipate rangi.

Umeme ule haufiki ndani ya paipu. Kwa hiyo zibua vitundu kwa waya, puliza uchafu, na rangi ikishakauka mimina oili nzito ml 100 hivi kila upande. Ziba, geuza fremu pande zote, kisha acha ichuruzike. Usitangulize oili: huharibu rangi, na hushika moto paipu ikichomelewa. Vitundu vya chini viache wazi.

Wakati wa kurudisha, ingiza bolti zote kwa vidole kwanza, ndipo ukaze. Ya mm 8 ya daraja 8.8 (kiwango cha uimara wa bolti) hukazwa karibu Nm 25 (kipimo cha nguvu ya kukaza), isipokuwa kitabu cha pikipiki kiseme vingine. Taa zikiwaka hafifu baada ya hapo, kagua ashi kwanza: mara nyingi rangi imeingia kati ya waya na chuma.