Kipepeo Asiye na Lebo ni Pambo la Ukutani

"Lebo tutaandika tukifika mjini. Muhimu ni vipepeo wenyewe."

Nimeyasikia haya kwa wanafunzi wa vyuo, kwa waongoza watalii wa Amani, hata kwa maofisa miradi wenye shahada mbili, na sasa yamenifika shingoni. Mtu anapanda Usambara, anashinda msituni na wavu, anarudi Tanga na boksi la vipepeo waliokaushwa vizuri, mabawa yamenyooka, rangi haijachujuka. Namuuliza, huyu ulimkamatia wapi? "Huko Amani." Amani ipi? "Huko huko msituni." Lini? "Kabla ya mvua." Basi, kazi imekwisha. Sampuli hakuna tena hapo, kuna pambo.

Kanzidata ya vipepeo wa dunia inajengwa kwa rekodi, na rekodi moja inasema hivi: spishi fulani ilikuwa mahali fulani, siku fulani, ilikusanywa na fulani, na mwili wake umehifadhiwa makumbusho fulani kwa namba fulani. Mwili unathibitisha jina. Mengine yote yanatoka kwenye kile kikaratasi kilichochomwa pini chini ya mdudu. GBIF, mtandao ulioanzishwa 2001 na wenye sekretarieti yake Copenhagen, unakusanya rekodi za namna hii kutoka makumbusho na vyuo vya nchi nyingi, na za viumbe wote kwa jumla zimeshapita bilioni 2. Kwetu mlango wake ni TanBIF, tawi lake la Tanzania, chini ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kompyuta za huko hazimwoni kipepeo wako. Zinasoma safu za jedwali: nchi, mahali, latitudo, longitudo, tarehe, mkusanyaji. Safu zikiwa tupu, kipepeo hata awe mzuri namna gani hana pa kukaa.

Hapo ndipo ninapojibiwa, "Mbona nimeandika Usambara?"

Usambara ipi, ndugu yangu? Kuna ya Mashariki, upande wa Muheza na Amani, inayopokea unyevu wa bahari, na kuna ya Magharibi, upande wa Lushoto, kubwa zaidi na yenye baridi zaidi. Katikati limelala bonde la Lwengera. Kipepeo wa msitu wa huku si lazima awepo kule. Wajerumani waliandika "Usambara, D. O. Afrika", yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, zaidi ya miaka 100 iliyopita na tunawasamehe, hawakuwa na GPS. Tena baadhi yao waliongeza Nguelo au Derema, majina ambayo mtu akikaa na ramani za zamani anayafuatilia mpaka anayapata. Lakini lebo ikiwa na Usambara tupu, anayeisoma leo akiwa Berlin au London anaweka nukta kwenye ramani kisha anaizungushia duara la mashaka lenye upana wa makumi ya kilomita. Mtafiti wa tabianchi akiliona duara hilo anaitupa rekodi, na ana haki. Sasa wewe mwenye simu mfukoni unayeandika Usambara peke yake, tukusamehe kwa lipi?

Wengine wakishaambiwa hivyo wanakimbilia upande wa pili: namba za GPS bila neno hata moja. Nalo ni balaa. Mji wa Tanga uko karibu na 5.07 kusini na 39.1 mashariki, na kwenye kanzidata kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Isahau alama hiyo, kipepeo wako anaibukia Borana, kusini mwa Ethiopia. Geuza namba, ya kwanza iwe ya pili, utamkuta Hispania. Fanya makosa yote mawili kwa pamoja, anazama Mediterania kati ya Menorca na Sardinia. Na ukijaza sifuri kwenye safu zote mbili kwa sababu "programu ilikataa safu tupu", unampeleka Ghuba ya Guinea, ambako viumbe wengi wa nchi kavu wameshahamishiwa kwa uzembe wa namna hiyo. Kompyuta haikulalamikii, kwake namba ni namba. Kinachomwokoa kipepeo ni maneno: kijiji, kata, wilaya, na umbali kutoka kitu kinachojulikana. Usiandike Kisiwani ukanyamaza, maana iko Kisiwani ya Muheza na iko Kisiwani ya Same.

Tarehe nayo. Ukiandika 4/7, Mmarekani atasoma Aprili 7. Kwetu Aprili ni masika na Julai ni kipupwe, na kwa vipepeo tofauti hiyo si ndogo. Precis octavia wa msimu wa mvua ni wa rangi ya machungwa, wa kiangazi ni wa bluu. Asiyejua atadhani ni spishi mbili. Mwezi uandike kwa namba za Kirumi, 4.vii, kisha mwaka kamili wenye tarakimu nne.

Na uandike kwa penseli, jamani. Wino wa kalamu ya kawaida unasambaa kwa unyevu wa pwani na kufifia. Penseli haina matatizo hayo. Andika kwenye bahasha ya pembetatu kabla hujamtia kipepeo, palepale alipokamatiwa. Ukisubiri gari, utachanganya. Ukisubiri mjini, utabuni.

Kauli ya pili ninayoisikia, baada ya ile ya lebo: "Siku hizi picha inatosha." Kwa Papilio demodocus anayetaga kwenye mndimu wa uani kwako, inatosha kabisa, ipeleke iNaturalist, mtandao wa picha za viumbe, ikithibitishwa itafika GBIF. Lakini wako vipepeo wa jenasi ya Neptis, wako wale wadogo wa bluu, wako Charaxes weusi, ambao hata mabingwa huwatambua kwa kuchunguza viungo vya uzazi chini ya hadubini. Picha huwezi kuipasua tumbo.

Ya tatu, kwamba jina la kisayansi likishaandikwa limeandikwa. Papilio dardanus ana majike ya sura nyingi, kila moja linaiga kipepeo mwingine asiyelika, na zamani kila sura ilipewa jina lake kama spishi kamili: cenea, hippocoon, trophonius. Mwaka 1869 Roland Trimen alichapisha hoja kwamba wote hao ni majike ya spishi moja. Kanzidata nzuri haiyafuti majina hayo ya zamani, inayafunga kwenye jina linalokubalika leo, ili anayetafuta cenea afike kwa dardanus. Kwa hiyo ukiona lebo yenye jina lililopitwa, usiing'oe! Choma nyingine chini yake.

"Ramani haina nukta Handeni, kwa hiyo vipepeo hakuna." Hii nimeikuta ndani ya ripoti. Amani ina kituo cha utafiti tangu 1902, watu wanakwenda kwa kuwa kuna barabara na kuna pa kulala. Nukta hufuata watafiti. Asiyekwenda Handeni na wavu asiniambie Handeni kuna nini.

Na kwa dai kwamba wakusanyaji wa makumbusho wanamaliza vipepeo, waulizeni wafugaji wa Amani waliokuwa wakiuza nje ya nchi pupa, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya vifuko vyao. Jike mmoja hutaga mayai kwa wingi, na porini viwavi wengi huliwa kabla hawajaota mabawa. Kinachowamaliza ni shoka linapoangusha miti ya chakula chao.

Mwisho ni lile la kwamba tukiweka data mtandaoni wageni watatuibia. Spishi adimu huwekewa eneo la jumla badala ya nukta kamili, utaratibu upo. Lakini fikiri kidogo: vipepeo wa Usambara wa enzi za Mjerumani na Mwingereza wameshaondoka, wako kwenye droo za Ulaya, na nauli ya kwenda kuwaona huna. Kanzidata inakuonyesha waliochukuliwa ukiwa umekaa Ngamiani, Tanga, na bando la siku moja. Ukitafuta, usiandike Lushoto peke yake. Andika na Wilhelmstal, jina lake la wakati ule, la sivyo rekodi za Wajerumani zitakupita.