Je, wajua kwa nini Daniel O'Connell alichaguliwa mara mbili kwa kiti kilekile?

Julai 1828 wapiga kura wa Clare, magharibi mwa Ireland, walimchagua mwanasheria Daniel O'Connell kuwa mbunge. Mwaka uliofuata ikabidi achaguliwe tena, ilhali hakufa, hakujiuzulu wala hakuhama chama. Chanzo ni kiapo.

Ireland ilikuwa chini ya bunge la London, na wananchi wake wengi walikuwa Wakatoliki. Sheria haikumkataza Mkatoliki kugombea. Shida ilikuwa kuketi: kwanza mbunge atamke kwamba misa na kuwaomba watakatifu ni ushirikina na kuabudu sanamu. Mkatoliki gani angesema hayo?

Mwanya ulipatikana William Vesey-FitzGerald, mbunge wa Clare, alipopewa uwaziri. Enzi hizo, mbunge aliyeteuliwa waziri alirudi kwanza kwa wananchi kuomba kura upya. FitzGerald hakuwa adui, maana mwenyewe alitetea haki za Wakatoliki. O'Connell akajitosa hata hivyo.

Kura zilipigwa mjini Ennis, kwa kutaja jina la mgombea hadharani. Wapiga kura wengi walikuwa wakulima wadogo, wenye vipande vya ardhi vya thamani ya walau shilingi 40 kwa mwaka, na kumuudhi mwenye shamba kungeweza kuwafukuzisha. Walikwenda hivyohivyo, mapadri wao wakiwaongoza. O'Connell alipata kura 2,057, FitzGerald 982.

Waziri Mkuu Wellington aliogopa Ireland isije ikawaka moto. Aprili 1829 bunge likapitisha sheria ya kuwaruhusu Wakatoliki kuketi, ila kiapo kipya kikawa cha watakaochaguliwa baada yake tu. Kwangu mimi, huo ulikuwa ukomoaji mtupu. Tarehe 15 Mei O'Connell alifika bungeni akapewa kiapo cha zamani, akakikataa. Tarehe 18 wabunge 190 dhidi ya 116 wakaamua hawezi kuketi bila kuapa. Kesho yake alipoulizwa tena kama ataapa, akaomba akione kiapo, akakisoma, kisha akasema humo mna jambo moja analolijua si kweli, na jingine analoamini si kweli. Hakuapa, akakosa kiti. 

Julai alipita Clare bila kupingwa. Lakini sambamba na sheria ile ilipitishwa nyingine, iliyopandisha kiwango cha mpiga kura wa vijijini kutoka shilingi 40 (sawa na pauni 2) hadi pauni 10, yaani mara tano. Wapiga kura hao wakaporomoka kutoka zaidi ya 200,000 hadi chini ya 40,000. Wengi wa wakulima waliompa ushindi pale Ennis hawakuwa tena na kura.