Kwa Nini Mpandaji Huamriwa Kushuka: Ufafanuzi kwa Wanaojiandaa kwa Safari ya Kwanza ya Milima Mirefu

Malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu cha usalama milimani yameongezeka, na mengi yana sura moja: mpandaji alilipa, alifanya mazoezi, alijiona ana nguvu, kisha mwongozaji akamwamuru ashuke kabla ya kilele. Tunaelewa uchungu wa mtu aliyejiwekea akiba kwa ajili ya safari hiyo. Hata hivyo amri ya kushuka haitolewi kwa hisia, na ni vyema anayekusudia kupanda zaidi ya mita 2,500 kwa mara ya kwanza aujue utaratibu wake angali nyumbani.

Oksijeni haipungui milimani kwa namna ambayo wengi hudhani. Hewa ya kileleni ina oksijeni takriban asilimia 21, sawa na ya ufukweni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao kwenye mita 5,500 huwa karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Mfaransa Paul Bert alilieleza jambo hili mwaka 1878, lakini hadi leo tunapokea barua zinazosema kwamba mkimbiaji wa mbio ndefu hawezi kuugua ugonjwa wa mwinuko, yaani ule unaompata mtu anapopanda juu kabla mwili haujazoea upungufu huo. Anaweza, na mara nyingine nguvu zake ndizo zinazomponza, kwa kuwa humfikisha juu kabla mwili haujazoea. Mazoezi ya miezi kadhaa yanahitajika ili miguu na moyo vihimili mwendo, lakini si kinga. Kinachosaidia zaidi kukadiria hatari ya mtu ni yaliyompata alipopanda siku za nyuma, na wewe unayeanza huna kumbukumbu hiyo.

Ndiyo maana ratiba ina uzito kuliko vifaa. Ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pale pa usiku uliotangulia kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku 3 au 4 uongezwe usiku mmoja bila kupanda. Kinachohesabiwa ni mwinuko wa kulala, si ule uliofikia mchana. Kabla ya kulipa, iombe kampuni orodha ya kambi zote na mwinuko wa kila moja. Ikisita kukupa, tafuta nyingine. Kuhusu viatu na mavazi sina la kuongeza, maana kila mwongozaji atakupa orodha.

Fomu ya afya ijazwe kwa ukweli mtupu. Maradhi ya moyo na mapafu, ujauzito, na hasa selimundu, yatajwe yote, kwa sababu upungufu wa oksijeni unaweza kuamsha maumivu makali ya selimundu, na hata aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu anaweza kudhurika bandama. Anayeficha humnyima mwongozaji taarifa, na vilevile huipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa. Soma mkataba wa bima yako neno kwa neno: mikataba mingi ina kikomo cha mwinuko, na mingine haigharimii uokoaji kwa helikopta.

Asetazolamidi, dawa ya ugonjwa wa mwinuko ambayo kwa kinga hutumiwa kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, iandikwe na daktari anayejua mzio wako na dawa nyingine unazotumia. Haifichi dalili, kama inavyovumishwa. Huuharakisha mwili kuzoea. Pombe na dawa za usingizi ziachwe, kwani baadhi yake hudhoofisha upumuaji.

Njiani utaulizwa hali yako asubuhi na jioni kwa kipimo cha Lake Louise, kilichoanzia kwenye mkutano wa wataalamu nchini Kanada mwaka 1991 na kurekebishwa mwaka 2018. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu au kutapika, uchovu, na kizunguzungu hupewa kila kimoja alama 0 hadi 3. Kichwa kikiuma na jumla ikafika 3, ugonjwa upo na hupandi zaidi. 6 hadi 9 ni wa kati, na 10 hadi 12 ni mkali. Kipima oksijeni cha kidoleni hutumika pia, ila usiilete namba yake kama hoja ya kuendelea: baridi ya vidole na rangi ya kucha huipotosha.

Zipo dalili ambazo hazisubiri hesabu. Anayeyumba anapotembea kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole, au anayechanganyikiwa, huenda ubongo wake umevimba. Anayehema akiwa amekaa, mwenye kikohozi kisichokoma, huenda mapafu yake yanajaa maji. Hawa hushushwa papo hapo, hata usiku, wakiwa na msindikizaji, mita 300 hadi 1,000 au mpaka nafuu ionekane. Oksijeni ya mtungi, deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo) na mfuko wa shinikizo, ambao mgonjwa hulazwa ndani yake kisha ukajazwa hewa, huokoa muda tu. Havichukui nafasi ya kushuka.

Uamuzi wa mwongozaji haukatiwi rufaa mlimani. Anayekaidi huandikwa kuwa amekaidi, na rekodi hiyo bima inaweza kuidai. Ada kwa kawaida hairejeshwi, nasi hatuna mamlaka ya kuirejesha, kwa hiyo masharti ya kampuni yasomwe kabla ya kutia saini. Aliyeshushwa aombe nakala ya alama zake za kila siku pamoja na mwinuko wa kambi alizolala, ampelekee daktari, na aiambatishe kwenye fomu ya safari inayofuata, ili ratiba yake mpya ipangwe kwa kufuata mwinuko ule ambao dalili zilianza.