Aliyemeza tembe za usingizi asiachwe "alale": maswali na majibu

Matumizi mabaya ya dawa za hospitali ni yapi?
Ni kumeza dawa inayohitaji karatasi ya daktari bila kuandikiwa, kuzidisha kipimo, au kuendelea nayo baada ya muda wake kwisha. Hapa Mombasa tunaziona sana diazepamu na bugizi (tembe za usingizi za jamii moja), tramadoli ya maumivu na dawa za kikohozi zenye kodeini. Yupo kijana anayemeza diazepamu usiku ili kukata handasi (mchangamko) ya muguka. Yupo pia nyanya aliyeandikiwa ya wiki mbili, na mpaka leo mjukuu hutumwa dukani na pakiti tupu aletewe nyingine. Wote wawili wamo hatarini.

Si ni dawa ya daktari? Si unga (heroini).
Tramadoli na kodeini hufanya kazi mwilini kwa njia ile ile ya heroini. Mwili huzoea, na kipimo cha mwezi jana hakitoshi tena.

Amemeza, sasa anakoroma. Tumwache alale?
Hapana. Mkimwita haitiki, mkimsugua kifuani kwa vifundo vya vidole hashtuki, pumzi zaja moja moja na midomo imebadilika rangi, basi huyo hakulala. Anakosa hewa. Ule mkoromo mzito ni koo lililolegea likiziba njia ya pumzi, na akiwa amechanganya na pombe hali huharibika upesi zaidi.

Hata tusubiri alfajiri, usafiri upatikane?
Hapana. Tafadhalini, hapana. Tunaletewa watu asubuhi wameshapoa, na mama mtu anatuambia, "Alikuwa akikoroma vizuri tu hadi saa nane." Saa hiyo ya nane ndiyo mlipaswa kuwa njiani kuja hospitalini. Gongeni mlango wa jirani mwenye tuktuk.

Tumpe maziwa kwanza?
Hapana! Asiyejitambua hawezi kumeza. Maziwa yatashuka mapafuni. Msimtapishe, msimmwagie maji, msimpe kahawa. Mlazeni kwa ubavu, kidevu kikiinuliwa kidogo, na mmoja wenu asibanduke, aangalie kifua kinavyopanda na kushuka. Njooni na pakiti zote mlizozikuta, hata za chini ya godoro, na mtuambie kweli alichomeza. Ikiwa ni tramadoli au kodeini, ipo sindano ya naloksoni ya kumzindua. Diazepamu haizinduliwi na naloksoni. Huyo husaidiwa kupumua mpaka dawa ipungue mwilini. Na akizinduka msikimbilie kumrudisha nyumbani, kwa maana naloksoni huweza kwisha nguvu kabla ya kile alichomeza, akazama tena.

Anataka kuacha. Tumfungie chumbani?
Msimfungie. Aliyezoea diazepamu au bugizi kwa muda mrefu akikatizwa ghafla, arosto yake (mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea) yaweza kuleta degedege la kuua. Haya yanamhusu nyanya kama yanavyomhusu kijana, kwa hivyo msimnyang'anye tembe zake leo kwa hasira. Kipimo hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki au hata miezi, chini ya uangalizi wa daktari. Mpelekeni Port Reitz au Hospitali Kuu ya Pwani mkaeleze. Mkiona haya kwenda, anzeni kwa simu ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, ambayo haitozwi hela.